Kutua Kutoka Juu ya Kabati

Jumatano, 5 Machi

Zimebaki siku tatu. Jumamosi naruka! Seremala wa kwanza mtaa huu kupaa juu ya mbao alizozipiga randa mwenyewe. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, anayeniita Kuku kwa sababu nina mabawa na siruki, atatafuta pa kuuficha uso wake.

Ndege iko uani, imekamilika. Mabawa ya mbao na kitambaa, mkia wa mbao, kiti cha mbao. Msumari hata wa dawa hakuna. Injini ndiyo ya kununua, zamani ilikuwa ya pikipiki. Kilichoniharibia raha ni miguu. Nilitengeneza ya mbao, mizuri kweli. Akaja shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, fundi vyuma, ambaye karakana yake na yangu zinagawana ukuta. Akaisukuma kwa kidole cha gumba cha mguu. Ikavunjika. Akasema miguu hiyo ni ya stuli, atanichomelea ya chuma. Hataki malipo. Anachotaka ni jina la karakana yake liandikwe chini ya bawa, watu wakitazama juu walisome.

Nimeliandika. Herufi za ukubwa wa punje ya mchele. Chuma kijitangaze juu ya ndege ya mbao? Thubutu!

Limebaki jambo moja dogo, kutua. Zamani nilitengeneza milango ya ofisi ya ndege za kupulizia dawa mashamba. Rubani wao akanipandisha mara nne na kuniachia usukani mara mbili. Kwa hiyo kuruka najua. Kutua alikuwa anatua mwenyewe.

Ila akili ni nywele. Kabati la nguo la mwalimu mkuu lilikwisha wiki mbili zilizopita, futi nane kwenda juu, imara. Nimemwambia vanishi haijakauka. Nimeweka kiti juu yake, nimekaa juu ya kiti, kichwa kinagusa boriti, mkononi fimbo ya ufagio. Mke wangu anavuta shuka sakafuni ili ardhi ionekane inakwenda. Naikariri sura ya ardhi kwa jicho: ikionekana hivi, vuta! Leo mara ishirini. Jicho limeshika kabisa.

Mke wangu, akishika ngazi nishuke, aliuliza kama kiti cha ndege nacho kiko juu kama kabati. Nikamwambia mambo ya anga si mambo ya jikoni. Akasema sawa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimelala kifudifudi zahanati. Mgongo hauniruhusu vinginevyo.

Niliruka. Hilo liandikwe kwanza. Niliruka! Kiwanja cha zamani cha zile ndege za dawa, majani mafupi, mlinzi mmoja na mbuzi wake. Mtaa mzima ulikuja isipokuwa shemeji, alikuwa na kazi. Injini ikanguruma, mbuzi wakatawanyika, na mara chini kukawa kimya na juu nikawa mimi. Nilizunguka kiwanja mara moja. Nilimwona mke wangu, mdogo kama kidole. Nilimpungia kinyozi mkono. Machozi yalinitoka, na siyo ya upepo.

Kisha nikaja kutua. Polepole, vizuri, kwa adabu. Ardhi ikaja, ikaja, ikawa sawasawa na sakafu ya karakana nikiwa juu ya kabati. Jicho likasema: hapo hapo! Nikavuta.

Ndege ikasimama. Hewani. Mlinzi anasema nilisimama kule juu kama mtu anayeuliza njia. Halafu pu! Tulianguka pamoja, mimi na ndege, urefu wa kabati zima. Miguu ilitanuka pande zote mbili. Bawa la kushoto likakatika. Pangaboi la injini likachimba shimo. Mimi niliuma ulimi, nikavunja jino la pembeni, na mgongo ukasema neno ambalo sijawahi kuusikia ukisema.

Kimya. Mtaa mzima kimya. Halafu mtoto wa mtu akacheka, na wote wakapata ruhusa.

Aibu! Nilitoka mle ndani kwa magoti, mbele ya watu niliowaalika mwenyewe, mlango kwa mlango. Kinyozi alisema analifuta jina la Kuku, kwa heshima ya kuku, kwa kuwa kuku angalau akiruka hutua.

Hapa zahanati daktari, mama mmoja asiyetabasamu, alinibonyeza mgongo akauliza imekuwaje. Mlango ulikuwa wazi. Nje nilisikia watu wakinong'ona. Ningeweza kusema maneno matatu tu: nilivuta mapema mno. Basi. Lakini ulimi hauna mfupa, na wangu leo ulikuwa na jeraha juu yake. Nikasema chuma ndicho kiliachia. Kwamba kiungo cha mguu hakikuchomelewa vizuri.

Daktari akaacha kubonyeza. Akauliza nani alichomelea. Nikasema shemeji. Akauliza, huyu fundi vyuma wa hapa? Nikasema huyohuyo. Akaandika kitu, siyo kwenye kadi yangu, kwenye daftari lake.

Hapo ndipo kitanda kilipolia chini yangu, kwii, nami nikakumbuka. Vitanda vya zahanati hii vimechoka. Daktari amemwagiza shemeji vitanda kumi na viwili. Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata maishani. Ndiyo iliyomzuia leo asije kuniona, alikuwa anatengeneza kile cha mfano.

Nilitaka kusema kitu. Daktari alikuwa keshatoka.

Jumapili, 9 Machi

Niko nyumbani. Nimeagiza ndege iletwe uani kwa mkokoteni na ifunikwe turubai, watu wasiichezee. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Sababu yenyewe ni kwamba kabla ya kubebwa niliitupia jicho miguu ile. Bomba limepinda kama upinde. Lakini viungo, vyote vinne, havina hata ufa.

Mchana akaja shemeji. Na machungwa. Alivua viatu mlangoni, akakaa pembeni ya kitanda. Nikaanza kuyahesabu machungwa. Yalikuwa tisa.

Akasema amesikia. Akasema usiku kucha hakufumba jicho. Amekaa akikumbuka kila kiungo, mkono ulivyokwenda, moto ulivyokuwa, na hajui alikosea wapi, lakini kama amekosea basi amekosea, na nusura dada yake awe mjane kwa mkono wake. Akaniomba radhi. Mtu mzima, kaka wa mke wangu, kichwa chini!

Nami nikafanya nini? Nikamsamehe.

Nilimwambia asijali, kila fundi hukosea, kuteleza si kuanguka. Nikamwambia tusahau. Nikala chungwa lake moja mbele yake. Akanishika mkono kwa mikono miwili akasema mimi ni mtu mwema. Kusema kweli, kwa dakika moja niliamini. Niliona uso wangu wenyewe unakuwa uso wa mtu mwema.

Halafu nikamwona mke wangu kasimama mlangoni na sinia la chai. Hakuwa amesikia habari za chuma hadi wakati huo. Alinitazama. Hakusema kitu mbele ya kaka yake, ana adabu kuliko mimi. Shemeji alipoondoka aliuliza swali moja. Lile kabati lina futi ngapi? Nikasema nane. Akasema sawa.

Chai sikuinywa. Machungwa manane yananitazama.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo yameharibika.

Daktari amesimamisha vitanda. Ametuma ujumbe kwamba wagonjwa wake wana mifupa ya kutosha iliyovunjika, hahitaji vitanda vya kuivunja mingine. Mabomba yote yameshafika kwa shemeji, yameegemezwa ukutani, ukuta wetu wa pamoja. Kinyozi naye hatii chumvi tu, anatia na pilipili. Asubuhi aliwaambia wateja kiungo kimoja kiliachia. Saa sita vilikuwa vitatu. Alasiri mtu mmoja alirudisha geti lake kwa shemeji, likaguliwe upya. Geti lenye miaka sita!

Kwa kawaida mashine ya shemeji huwa inanguruma ukutani kutwa nzima. Miaka kumi na moja nimelalamika kuhusu kelele ile. Nimewahi kumpelekea barua. Leo kimya. Nilipiga randa ubao mmoja nikaacha. Kimya kile kilikuwa kinanisikiliza.

Naona haya. Naona haya hadi masikio yanawaka. Lakini nikisema sasa, nitakuwa nimeanguka mara mbili, na mara ya pili ni mbaya zaidi. Ya kwanza walicheka tu.

Jioni mlio mmoja wa neema: hodi mlangoni. Kumbe shemeji tena. Anaomba kesho kutwa aje aione miguu ile, aone alipokosea, ajifunze. Nikasema karibu sana. Nimejipalia makaa.

Ila nimeshapata wazo.

Jumanne, 11 Machi

Wazo lilikuwa hivi. Shemeji anakuja Jumatano kuona kiungo kilichoachia. Hakuna kilichoachia. Basi lazima kipatikane.

Mke wangu alipokwenda sokoni nilichukua msumeno wa chuma nikaingia chini ya turubai. Mgongo ulikataa kuinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilipiga moyo konde, nikalala chali, nikajisukuma kwa visigino hadi chini ya ndege. Mpango ni kukata kiungo kimoja kidogo tu, robo yake, kionekane kimepasuka. Nimewahi kukata magogo ya mninga. Kamshono ka chuma kana nini?

Wembe wa kwanza ulikatika. Wa pili ukapoteza meno. Nilikata kwa nusu saa nzima, vumbi la chuma likiniingia machoni, na nilipokifuta kiungo kwa kidole nilikuta mkwaruzo. Mkwaruzo! Kama paka kapita. Wembe wa tatu ukakatika ukaniruka shavuni.

Fundi hodari, mshenzi yule. Sijawahi kuona kiungo cha namna ile. Na alinichomelea bure, kwa jina la ukubwa wa punje ya mchele, ambalo nililiona pale nilipolala, juu ya pua yangu kabisa, chini ya bawa. Nililisoma. Ilibidi nikaze macho.

Nikalia. Siandiki kujionea huruma. Nililia kwa aibu, chali, chini ya turubai, nikinusa vanishi. Kisha nikataka kutoka na mgongo ukakaza. Si mbele, si nyuma. Nikakaa pale saa nzima.

Mke wangu alirudi akaona miguu miwili imetokeza. Akafunua turubai. Akaona msumeno. Akaziokota zile nyembe zilizokatika moja moja, akazipanga kwenye kiganja chake. Hakunipigia kelele. Bora angepiga.

Akasema kaka yake amezima mashine. Amefunika vifaa kwa magunia. Anasema mkono uliokaribia kuua mtu hastahili kuutumia tena, atatafuta kazi ya ulinzi. Umri ule, baada ya miaka ishirini na mitano ya kuchomelea. Akasema yeye angeweza kwenda sasa hivi kumwambia, ni hatua kumi na mbili, lakini hatakwenda. Neno lilitoka kinywani mwangu, kinywa hicho hicho ndicho kitalirudisha. Ananipa hadi Alhamisi. Amemwambia kaka yake asije kesho kwa kuwa mimi ni mgonjwa. Huo ndio uongo wake wa mwisho kwa ajili yangu.

Kisha akanivuta kwa miguu.

Jumatano, 12 Machi

Kuna njia ya kusema bila kusema. Nashangaa sikuiona mapema.

Nimeandika barua kwa daktari, bila jina. "Mimi ni msamaria mwema nisiyemjua yule seremala wala simpendi sana. Nilikuwepo kiwanjani. Naapa chuma kilikuwa kizima. Kosa huenda lilikuwa la upepo, au la mbuzi, au kwa sehemu ndogo sana la rubani, ambaye hata hivyo aliruka vizuri mno." Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Nikaipenyeza chini ya mlango wa zahanati wakati wa chakula cha mchana, huku nimeshika kiuno.

Nilijisikia mwepesi. Njia nzima nilipiga mluzi.

Saa kumi jibu likaja, kupitia kwa mke wangu. Daktari anamsalimu msamaria mwema. Anamwomba kesho saa nne afike kupimwa mgongo kama alivyoahidi, na safari nyingine asiandikie kwa penseli bapa ya useremala nyuma ya karatasi ya oda ya kabati.

Mke wangu hakucheka. Alikuwa anamenya chungwa. Yamebaki mawili.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesema.

Saa nne zahanati ilijaa. Benchi zima, na mwisho wa benchi kinyozi, shavu limevimba, jino. Kati ya siku zote jino lake lichague leo! Daktari alikuwa mlangoni, mikono mifukoni. Mke wangu alinisindikiza, na kumbe alikuwa amempitia kaka yake pia. Shemeji alikuwa amevaa shati la kutokea. Hajui ameitiwa nini. Alisimama akanipa nafasi yake ya kukaa, kwa ajili ya mgongo.

Nafasi yake ya kukaa! Pale ndipo niliposhindwa.

Nilisimama katikati nikasema. Sikupanga maneno. Nikasema chuma hakikuachia. Viungo vyote vinne vizima, vipo uani, nendeni mkatazame. Nikasema nilijifunza kutua juu ya kabati la mwalimu mkuu, kiti juu ya kabati, nikalikariri jicho hilo, nikaenda kutua kwa jicho hilo hilo. Nilidhani nimefika chini. Nilikuwa juu ya kabati. Niliiachia ndege pale. Nikasema mke wangu aliniuliza mapema na nikamjibu upuuzi. Nikasema nilimsingizia shemeji kwa sababu mlango ulikuwa wazi na watu walikuwa wanacheka.

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alifungua mdomo, jino likamrudisha.

Daktari akamgeukia shemeji. Akasema mbele ya wote kwamba alikosea kusikiliza upande mmoja, vitanda ni kumi na viwili kama walivyokubaliana, na angependa kile cha mfano kije leo. Mtu mmoja kwenye benchi akapiga makofi. Nikadhani yamekwisha. Nikaanza hata kujisikia mwema.

Shemeji hakumwangalia daktari. Alikuwa ananitazama mimi. Akauliza, kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa: Jumapili nilipokuja kukuomba radhi, ulikuwa unajua?

Nikasema ndiyo.

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa vipimo. Akachukua kofia yake. Akatoka.

Nimewahi kuanguka kutoka angani, nina ushahidi. Hakukuuma hivi.

Ijumaa, 14 Machi

Mashine imerudi. Tangu asubuhi ukuta unanguruma, cheche zinaonekana kwenye upenyo wa juu. Nimeegemeza mgongo kwenye ukuta ule kutwa. Si kwa kusikiliza. Unatoa joto.

Shemeji alipita mlangoni mara mbili akiwa na mabomba begani. Nilimwamkia. Hakuitika. Mara ya tatu nilijificha nyuma ya kabati, nisimpe taabu ya kutoitika.

Mchana nilichukua brashi nzito na rangi nyekundu nikalala tena chini ya bawa zima, lile la kulia. Nikaandika jina la karakana yake. Herufi za urefu wa mkono, kutoka ncha hadi ncha. Herufi ya mwisho ilikosa nafasi ikaingia ubavuni mwa ndege. Ndege haiwezi kuruka. Hakuna atakayeisoma isipokuwa kuku. Lakini nimeandika.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu karudi kutoka kwa kaka yake na kifurushi. Anasema nimepewa. Nikafungua. Nyembe za msumeno wa chuma, sita, mpya, bado zina mafuta. Na salamu kwamba hizi zinakata vizuri zaidi, nikitaka kujaribu tena.

Kumbe anajua! Nikamtazama mke wangu. Akasema aliulizwa mkwaruzo ule umetoka wapi, naye si mwongo. Shemeji alipita uani jana nilipokuwa nimelala, akaiona miguu, akaona mkwaruzo, akaona bawa. Alilisoma jina lake kwa muda mrefu. Kisha alicheka hadi akakaa chini. Nikauliza, alicheka kicheko gani? Akasema cha mtu ambaye bado ana hasira lakini amechoka kuibeba.

Nilikwenda kwake. Hatua kumi na mbili, nilizihesabu. Nikasimama mlangoni hadi akavua miwani ya kazi. Nikasema sikuja kuomba nisamehewe, maana mimi ndiye niliyemsamehe yeye kwa kosa langu, na tangu siku ile neno lenyewe linanitia kichefuchefu. Akanitazama. Akanisukumia stuli. Ya chuma. Akasema, kaa shemeji, hii haivunjiki.

Tukakaa. Alinionyesha kitanda cha tatu, nikakiri ni kizuri. Alisema mambo mawili tu yenye uzito. Kwamba nikimsingizia tena, undugu wetu atauweka kando na atautafuta siku za mazishi. Na kwamba atainyoosha ile miguu, mradi niahidi kwamba dada yake hatapandishwa presha tena. Nikaahidi. Nikaapa. Sitasema uongo tena maishani, na sitamtwika mtu mwingine mzigo wangu.

Najiona nimezaliwa upya. Aibu ni mwalimu mkali, lakini mwanafunzi wake nimehitimu.

Jumamosi, 22 Machi

Kabati limekwenda kwa mwalimu mkuu. Amelalamika juu yake kuna alama nne za miguu ya kiti. Nimemwambia ni nakshi.

Shemeji amenyoosha miguu ya ndege. Bawa nimeanza kuliunga. Mgongo umekaa sawa. Kinyozi ameng'olewa jino na amerudia kuniita Kuku, na hilo siwezi kuliacha lipite. Mwezi ujao naruka tena, na safari hii nitatua kama unyoya, kwa kuwa kosa langu sasa nalijua. Lilikuwa kabati! Nalo limeondoka.

Sasa najifunzia juu ya meza. Ile meza kubwa ya chuma ya karakanani, siyo ndefu hata kidogo. Kiti juu ya meza, mimi juu ya kiti, fimbo ya ufagio. Mke wangu amekataa kuvuta shuka, nimeifunga kwenye mkia wa mbuzi wa jirani. Leo mara thelathini. Jicho linashika vizuri sana.

Mke wangu alipita na ndoo. Akauliza kama kiti cha ndege nacho kiko juu kama meza. Nikamwambia mambo ya anga si mambo ya jikoni. Akasema sawa.

Naandika haya nikiwa hapa hapa juu. Mbuzi amevuta ghafla na meza imeyumba kidogo. Siyo sana, kidogo. Simlaumu mtu, niliapa. Ila naiandika leo, na tarehe, isije ikasemwa baadaye kwamba sikusema: miguu ya meza hii alichomelea shemeji.